Kunguru anakumbuka, au anakusoma macho?

SWALI: Klabu yetu ya sayansi hapa Kisumu huficha karanga chini ya kimoja cha vikombe vitatu vya plastiki, kunguru mwenye kifua cheupe akituangalia kutoka ukutani. Amepatia mara 9 kati ya 10. Tuandike kwamba anakumbuka? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Bado, Mwalimu. Kwanza mchunguzeni aliyeficha. Anayejua jibu hulitoa bila kukusudia, kwa shingo au jicho. Farasi Hans wa Berlin alisifiwa kwa hesabu mpaka mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipoonyesha, mwaka 1907, kwamba alikuwa akisoma mwili wa muulizaji. Mfichaji akimaliza aondoke, na anayeandika matokeo asijue karanga iko wapi.

Sugueni karanga ndani ya vikombe vyote, harufu isimwelekeze. Mahali pa kuficha paamuliwe na dadu: 1 au 2 kushoto, 3 au 4 katikati, 5 au 6 kulia. Mkiachia wanafunzi wachague, watarudia kikombe kimoja, na kunguru atawashtukia upesi.

Kisha fanyeni majaribio 30 akiona mnapoficha, na 30 mkiwa mmemkinga kwa kadibodi, yakichanganywa. Kwa kubahatisha atapatia kama 10 katika kila fungu. Akifika 16 hata penye kadibodi, kuna kitu kinamvujishia siri. Hesabuni kikombe cha kwanza tu anachopindua. Majaribio matano kwa asubuhi yanatosha, maana aliyeshiba hajitumi. Na malizeni kabla upepo wa ziwa haujaanza kuangusha vikombe. Kama anaviogopa, viacheni uani siku tatu au nne, karanga zikiwa kando yake.

Halafu, ni kunguru yuleyule kweli? Kama hana kovu wala unyoya uliovunjika wa kumtambulisha, andikeni "kunguru wa uani" tu.

SWALI: Si heri tununue kasuku wa kijivu, anayeongea? – Mwanafunzi, Kakamega

JIBU: Msinunue. Tangu 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, imezuia biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaokamatwa porini, na hapa Kenya kumfuga kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Tena kuongea si kuelewa. Alex, kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg, alifundishwa na watu wawili: mmoja akiuliza, mwingine akijibu na kupewa kitu kilekile alichokitaja. Aliweza kuulizwa rangi ya kitu, kisha umbo lake, akatoa majibu mawili tofauti. Kasuku anayesema "karibu" mgeni akiwa anaondoka hajafika hapo.