Mkuu, usiifute hiyo VDI! Snapshoti si bekapu

Mkuu, acha kwanza. Hiyo VDI ya GB 48, yaani faili ya diski ya kompyuta pepe yako, usiiguse. Umeuliza mambo manne: VirtualBox au VMware (programu za kuendesha kompyuta pepe, yaani VM, ndani ya kompyuta yako), RAM kiasi gani, mtandao uuweke bridge au NAT, na macOS inaingiaje. Katikati ukapitisha kama utani kwamba Windows 10 ina snapshoti tatu tayari (alama za kurudi kwenye hali ya nyuma ya VM), kwa hiyo faili kubwa utaifuta upate nafasi ya Ubuntu, "maana snapshoti zipo". Hayo manne yanaweza kusubiri, hili la tano litakuliza leo usiku.

Ukipiga snapshoti, VirtualBox hainakili diski. Inaacha kuandika kwenye ile VDI ya mwanzo, inafungua faili mpya ndani ya folda ya Snapshots, ile yenye jina refu la herufi na namba kama nywila ya mtu mwenye hasira, na kuanzia hapo kila badiliko linaandikwa humo. Snapshoti ya pili inafungua faili nyingine juu ya hiyo. VM ikitaka kusoma kitu inaanza faili ya juu, isipokiona inashuka, mpaka kwenye VDI ya chini kabisa. Windows yenyewe uliyoiweka siku ya kwanza iko huko chini. Unataka kubomoa msingi kwa sababu wewe unalala ghorofa ya tatu.

Faili za kati nazo usizifute kwa mkono. Kipande kimoja kikitoka, vyote vilivyo juu yake vimekufa. Ukikimbilia VMware utakutana na hayo hayo kwa majina mengine: mwisho wa jina la faili ya diski (VMDK) unaona -000001.vmdk, -000002.vmdk. Kule kila faili inakumbuka namba ya mzazi wake, inaitwa CID. Chukua VMDK ya mzazi, iunganishe na VM nyingine "nichungulie tu", ikiandikwa hata kidogo namba inabadilika na mtoto anamkana mzazi. Ndipo unapata ule ujumbe kwamba diski mzazi imebadilishwa tangu mtoto aundwe. Kuna watu hurekebisha hizo namba kwa mkono, ila data zikishapishana, VM inaweza kuwaka na mafaili ya ndani yakawa yameharibika.

Wa kulaumiwa hapa ni hawa mafundi wa video wanaosema "piga snapshoti, uko salama" bila kusema salama dhidi ya nini. Dhidi ya dereva bovu au sasisho lililovuruga mambo, sawa, unarudi nyuma chap. Dhidi ya diski kufa au mkono wako kubofya Delete, hakuna kitu, kila kipande kiko kwenye diski ile ile. Wao wanaomba like na subscribe, wewe unabaki unaangalia neno "Inaccessible".

Nafasi nayo piga hesabu kabla. Diski pepe ya GB 60 yenye snapshoti tatu ina tabaka nne, na kila moja inaweza kuvimba mpaka GB 60. Jumla GB 240, ikienda vibaya kabisa. Ukipiga snapshoti VM ikiwa inawaka, na RAM inahifadhiwa: VM ya GB 4 inaweza kukuongezea faili ya .sav inayokaribia GB 4. Hali hiyo iliyohifadhiwa inaweza kukataa kuamka kwenye kompyuta yenye prosesa tofauti. Kwa hiyo zima VM ndipo upige.

Kufuta kwa haki ni ndani ya programu yenyewe, kwenye dirisha la Snapshots. Kule Delete maana yake ni kuunganisha tabaka, na kuunganisha kunahitaji nafasi ya ziada, kwa hiyo acha wazi angalau ukubwa wa tabaka linalounganishwa. Zima VM, futa moja moja. Asilimia zikisimama muda mrefu, tulia. Usiiue kwenye Task Manager.

Kanuni yangu ni moja na sibadilishi: kabla ya snapshoti ya kwanza, nakala kamili, kwenye diski nyingine. VM ikiwa imezimwa:

VBoxManage export "Win10-safi" -o E:\win10-safi.ova

OVA, yaani faili moja lenye VM nzima ndani, haibebi mlolongo wa snapshoti, inabeba hali ya sasa tu ikiwa imebanwa, na hicho ndicho unachotaka. Kisha iimport kwa jina jingine uiwashe mpaka uone desktop, maana OVA iliyokatika katikati kwa macho inafanana na nzima. Ukipenda clone (VM pacha), chagua Full Clone. Linked Clone bado inamtegemea mzazi, umerudi pale pale.

Kwa wanaojaribu programu za ofisini: nakala safi itoe kabla ya kuiingiza Windows kwenye domain, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva. Kwa kawaida Windows hubadili nywila ya mashine, ile kompyuta inayojitambulishia kwa seva, kila siku 30. Ukirudi kwenye snapshoti ya zamani, seva inaweza kuikataa, nawe utashinda ukitafuta kosa kwenye programu yako wakati halipo.

Aa, RAM. Kama kompyuta ina GB 8, ipe Windows 4 na uwashe VM moja kwa wakati. VirtualBox au VMware, yoyote, mradi umeelewa hapo juu.

Sasa hivi: zima hiyo VM, usifute chochote, tupia hapa picha ya dirisha la Snapshots na kiasi cha nafasi kilichobaki. Tutakuambia uanze kuunganisha ipi.