Muziki wa filamu: unaingia saa ngapi, unanyamaza saa ngapi

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama muziki kwenye filamu unabadilisha hadithi kweli au ni pambo la kujaza ukimya tu, maana filamu ikiisha hata huukumbuki. Huu ni mwaka wa tisa nahariri filamu fupi, na naamini kabisa kwamba unabadilisha hadithi yenyewe. Ila watu wengi hubishana wimbo upi ni mtamu, wakati kazi kubwa iko kwenye kuchagua uingie wakati gani na unyamaze wakati gani.

Nikupe yaliyonikuta. Kuna filamu ya dakika 14 niliyoihariri. Mama aliyefiwa na mumewe anaandaa meza ya chakula. Anatoa sahani mbili kabatini, anazipanga, anasimama. Kisha anaichukua moja, anaifuta kwa kitambaa ingawa ni safi, anairudisha ilikotoka. Hakuna neno linalosemwa. Mimi nikaweka kinanda cha taratibu tangu anapofungua kabati, nikaona nimemaliza kazi. Tulipoonyesha watu wachache, hakuna aliyeguswa. Mmoja akaniambia, "Nilishajua ana huzuni, nikawa nasubiri alie." Sentensi hiyo ilinifungua macho. Kinanda kilikuwa kimeshatoa habari ambayo sahani ya pili ndiyo ilitakiwa kuitoa.

Sikugusa picha hata moja. Nilikisogeza kinanda mpaka baada ya kabati kufungwa. Kabla ya hapo unasikia sahani ikigusa mbao, kitambaa kikizunguka, na pumzi zake. Noti ya kwanza inaingia mkono wake ukiwa bado umeshika mlango wa kabati. Wimbo ni ule ule. Tulipoonyesha tena, kwa watu wengine, nikiwa nimekaa nyuma niliwasikia wakivuta pua gizani.

Kwa hiyo, kwa uzoefu wangu, kabla ya kuchagua wimbo jiulize: mtazamaji anajua nini sasa hivi, na mhusika anajua nini? Muziki unaweza kumpa mtazamaji siri ambayo mhusika hana. Mfano unaojulikana zaidi ni Jaws ya mwaka 1975, filamu ya samaki papa anayeshambulia waogeleaji. Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara, mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha sehemu kubwa ya filamu. Noti mbili nzito za mtunzi John Williams zikachukua nafasi yake: ukizisikia, papa yupo, hata kama unaona maji matupu. Kinachonivutia zaidi ni pale watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia. Noti zile hazisikiki. Muziki haukudanganyi. Sikio lako linazoea kwamba bila noti hakuna hatari, kisha baadaye papa anaibuka ghafla nyuma ya boti bila onyo lolote, nawe unaruka kwenye kiti. Woga ule ulianza kujengwa mapema sana, na ukimya ulikuwa sehemu ya ujenzi wake.

Psycho ya mwaka 1960 nayo inafaa kutazamwa kwa namna hiyo. Kila mtu anataja tukio la mauaji bafuni, na ni kweli mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka lisiwe na muziki, mtunzi Bernard Herrmann akautunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na Hitchcock akakubali alipousikia. Lakini mimi huwa nawaambia wanaoanza kazi hii watazame sehemu ya mwanamke anayetoroka na pesa, akiwa njiani. Zima sauti uone: ni mtu anaendesha gari, basi. Rudisha sauti, na zile nyuzi zinazokimbizana zinakuingiza ndani ya kichwa chake, unaanza kuogopa kila gari lililo nyuma yake.

Jambo jingine, ukianza kuhariri jihadhari na muziki wa muda, ule tunaouazima ili kukatia picha wakati mtunzi hajamaliza kazi. Ukiusikia mara 50 unaupenda, kisha unamdai mtunzi akutengenezee mfano wake. Mwongozaji Stanley Kubrick aliamua kubaki na rekodi za muziki wa zamani alizokuwa akizitumia hivyo kwenye 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, na mtunzi Alex North, aliyekuwa ameshatunga na kurekodi muziki wa filamu hiyo, alikuja kujua kazi yake imeachwa alipoiona filamu. Filamu ilipendeza, sibishi. Bado namwonea huruma North kila nikikumbuka. Siku hizi nakata picha zikiwa kavu kwanza. Tukio likishindwa kusimama bila muziki, narudi kwenye picha.

Sasa lile la kwamba hukumbuki muziki. Baada ya onyesho la pili la filamu yetu, mtazamaji mmoja alinifuata mlangoni, macho mekundu, akanishika mkono na kunishukuru kwa kuacha sehemu ya sahani bila muziki kabisa. Kinanda kilikuwa kimepiga sekunde 40 nzima. Nilimshukuru, sikumsahihisha.