Dampa ya usukani: hewa ndiyo inayokusumbua

Mkuu, umeuliza kama kubadilisha oili ya dampa ya usukani wa pikipiki (kile kifaa chenye oili kinachotuliza mtikisiko wa usukani) kutaondoa ule ulegevu unaousikia usukani unapoanza kugeuka. Mara nyingi ndiyo, maana huo ulegevu ni hewa. Oili haibanwi kirahisi, hewa inabanwa. Kiputo kikibaki ndani, fimbo inayoingia na kutoka kwenye dampa inateleza bure kidogo kabla ya kushika.

Kwanza hakikisha dampa yako inafunguka, kwani nyingine zimezibwa kiwandani. Ukishamwaga oili chafu, pitisha ukucha juu ya fimbo taratibu. Ukikwama kwenye mchubuko, usijisumbue kuweka sili mpya (mpira wa kuzuia oili isivuje), itachanika tena.

Tumia oili ya shokapu za mbele, kwa uzito (yaani unene wa oili) ulioandikwa kwenye kitabu cha mwongozo. Ya injini achana nayo.

Kazi yenyewe ni kutoa hewa. Tundu la kujazia likae juu kabisa, jaza, kisha vuta na sukuma fimbo polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiharakisha oili inafanya povu, na povu ni hewa ileile. Iache itulie, ongeza, rudia hadi viputo vikome. Mimi huwa narudia hata nikidhani nimemaliza.

Ukisharudisha dampa kwenye pikipiki, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Lazima usukani usimame kwenye vizuizi vya fremu, kamwe usizuiwe na fimbo ya dampa. Hapo tafadhali usipuuze, ni hatari kweli.