Nyama ya swala haitaki kuchomwa: niliyofundishwa jikoni Kibosho

Mara ya kwanza nilipopata nyama ya swala niliichoma. Nilinunua kilo 2 kwenye bucha la nyamapori lenye kibali, nikarudi nayo Moshi nikiwa na hamu ya kuwakirimu shemeji zangu waliokuwa wameteremka kutoka Rombo. Nikaitia chumvi na ndimu, nikaitandaza juu ya mkaa kama ninavyofanya kwa mbavu za mbuzi. Haikupita nusu saa ikawa imekauka kau. Wageni walitafuna kwa heshima, lakini sinia lilirudi jikoni na vipande vingi kuliko vilivyoliwa. Iliniuma sana. Nyama nzuri, ya mnyama aliyetoka mbali, nimeiharibu kwa haraka zangu.

Mbuzi wa kufugwa ana mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoilainisha nyama inapokuwa juu ya moto. Swala anashinda akikimbia na kula nyasi za porini. Nyama yake ni nyekundu iliyokolea, na mafuta karibu hakuna. Ukiiweka kwenye moto mkali, maji yake yanatoka na hakuna kinachobaki cha kuilainisha. Inataka supu, moto mdogo na mafuta ya kuongezea.

Haya sikuyajua mwenyewe. Nilikuwa nimebakiza kipande kibichi, nikampelekea bibi Kibosho. Alikibonyeza kwa dole gumba, akakinusa, kisha akaniuliza, "Uliimenya?" Sikumwelewa. Akachukua kile kisu chake kidogo cha kumenyea ndizi, akakipenyeza chini ya ule utando mweupe unaong'aa juu ya nyama, akauvuta polepole ukatoka wote kama ganda la kitunguu. "Mjukuu wangu, huu hauivi hata ukeshe nao jikoni."

Kisha akapika mtori, ile supu yetu nzito ya nyama na ndizi mbichi zilizopondwa. Tangu siku hiyo sijapika nyama ya swala kwa namna nyingine.

Kwa kilo 1 ya nyama yenye mifupa, shingo au mbavu, mimi hutumia ndizi mshare 15 hivi. Zinunue zikiwa bado ngumu na kijani kabisa. Kiboriloni au Mbuyuni utazipata bila taabu, na walio Arusha wasubiri siku ya soko Tengeru. Nyama naiosha, naiondoa utando, halafu napitisha vidole taratibu kwenye kila kipande. Mnyama wa porini kapigwa risasi, na kipande kidogo cha risasi au cha mfupa uliopasuka kinaweza kubaki ndani. Mahali palipovilia damu nakata na kutupa. Kisha nailoweka kwenye maziwa ya mgando usiku mmoja, ili ile harufu kali ya porini ipungue. Bibi hakufanya hivyo, lakini watoto wangu hawaigusi bila hatua hii. Wako wanaopaka papai bichi ili nyama ilainike. Linafaa, ila lisizidi nusu saa, maana ukilisahau nyama inakuwa kama uji.

Asubuhi naisuuza, naibandika kwenye maji ya baridi pamoja na kitunguu kizima na tangawizi iliyopondwa. Ikianza kuchemka natoa povu, kisha naufunika mkaa kwa majivu kidogo ili moto utulie. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Supu inatakiwa icheze tu, isitokote. Naiacha kwa muda wa saa 2, pengine 2 na nusu, na chumvi naitia mwishoni. Nyama ikiachia mfupa naiepua, naichambua, na supu naichuja.

Wakati nyama iko jikoni ndipo ninapomenya ndizi. Paka mafuta mikononi kwanza, utomvu wake hautoki kwa sabuni. Kila ndizi unayomenya itumbukize kwenye maji isije ikawa nyeusi. Nazichemsha ndani ya ile supu pamoja na karoti moja na kitunguu, zikilainika naziponda kwa mwiko, narudisha nyama, natia vijiko 2 vya samli na nusu kikombe cha maziwa. Samli usiibanie. Mtori wa ng'ombe hupata mafuta kwenye mifupa yake. Wa swala unakutegemea wewe. Kwetu mtori ndio chakula cha mzazi, na mama aliyejifungua hulishwa huo kila siku mpaka apate nguvu. Chakula cha namna hiyo hakipikwi kwa kukimbizana.

Pembeni weka mnafu, ile mboga chungu ya majani. Chemsha, mwaga maji ya kwanza yenye uchungu, kisha kaanga na kitunguu na umalizie kwa maziwa. Uchungu kidogo unaobaki unapendeza sana na ule utamu wa ndizi.

Sasa nizungumzie jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Kuna kijana aliwahi kunigongea mlango usiku akiwa na nyama kwenye kiroba, bei nusu ya bucha. Nilimrudisha, na ninakuomba nawe umrudishe. Tangu kanuni za mwaka 2020, nyamapori inauzwa kihalali kwenye mabucha yenye kibali. Dai stakabadhi na uitunze hadi nyama iishe. Ukikutwa nayo bila uthibitisho, hiyo ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na watu wamefungwa miaka mingi kwa kitoweo cha siku moja.

Lakini hata jela isingekuwepo, ningemrudisha. Nyama ya kiroba hujui mnyama alikufaje. Inaweza kuwa nyamafu, na nyamafu kwetu huku ina jina la kuogopesha: kimeta. Arusha na Kilimanjaro tumeugua kimeta, watu na mifugo. Vijidudu vyake hujikinga na kukaa ardhini miaka mingi, na kuchemsha kwa kawaida jikoni si kinga ya kutegemea. Anayechuna au kukatakata nyama anaweza kuupata kwenye ngozi hata kabla sufuria haijabandikwa. Ukiona mzoga unatoka damu nyeusi isiyoganda puani au mdomoni, usiuguse, usiuchane, mwite mtaalamu wa mifugo. Ukiwa umeshagusa na ukatokwa kidonda chenye kovu jeusi katikati, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi ulishika nini. Dawa ipo na inafanya kazi ukiwahi.

Ukialika watu, uliza kwanza. Jirani yangu Mwislamu huniuliza mnyama alichinjwaje, na ana haki ya kujibiwa ukweli. Rafiki yangu wa Monduli, Mmaasai, hali swala kabisa; kwa mila yao nyama ni ya mifugo, ingawa wazee waliwaruhusu pofu na nyati kwa kuwa wanafanana na ng'ombe. Siku akija nampikia mtori wa ng'ombe kwenye sufuria tofauti.

Mtori ukilala utaganda uwe mzito kama ugali. Usiongeze maziwa ya baridi, utakatika. Tia maji ya moto kidogo kidogo huku unakoroga, moto uwe mdogo, na kijiko kingine cha samli kabla ya kuepua.