Dakika 30 za mazoezi zinapogeuka saa moja na nusu

Mtu akiacha mazoezi, sababu ya kwanza utakayoisikia ni "sina muda". Usimbishie haraka. Mara nyingi anasema kweli, ila muda anaoukosa si wa mazoezi yenyewe. Chukua aliyepanga kukimbia dakika 30. Kutafuta nguo na viatu dakika 10, kwenda uwanjani 15, kurudi 15, kusubiri jasho likauke na kuoga 20. Hapo ni saa moja na nusu. Akifanya hivyo siku 5, wiki inamgharimu saa 7 na nusu ili apate mazoezi ya saa 2 na nusu. Mwenye kazi na watoto hawezi kuubeba mzigo huo muda mrefu.

Kwa hiyo kabla ya kupunguza mazoezi, punguza yanayoyazunguka. Nguo, soksi na viatu vikae pamoja tangu usiku. Jimu ya kawaida iliyo kwenye njia unayopita kila siku inamfaa mtu kuliko jimu nzuri inayomtaka azunguke mji. Siku mbili au tatu fanyia nyumbani kabisa. Na kama unapanda gari kwenda kazini, shuka kituo kimoja au viwili kabla, umalizie kwa miguu kwa mwendo wa haraka: sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa imeshatengwa kwa safari.

Vipande vidogo vinahesabika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku 2 au zaidi. Sharti la zamani kwamba kila kipande kifike angalau dakika 10 liliondolewa, na bado wapo wanaoona aibu kuhesabu ngazi walizopanda kwa dakika 4. Zihesabu. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hayo ni ya wastani. Ukitoa maneno machache kisha ukalazimika kuvuta pumzi, ni makali.

Kisha linakuja swali la asubuhi au jioni. Asubuhi ina sifa moja kubwa: bado hakuna aliyekuvurugia siku. Lakini joto la mwili liko chini, na diski za uti wa mgongo (mito laini kati ya pingili) zimefyonza maji usiku kucha, hivyo mgongo hauvumilii sana kuinama. Pasha mwili joto dakika 10 hadi 15, na kuinua vyuma vizito kutoka chini kusubiri walau saa moja tangu uamke. Kosa kubwa la watu wa asubuhi ni kuiba usingizi. Anayelala saa 5 na nusu usiku na kuamka saa 10 na nusu alfajiri amelala saa 5 tu; baada ya wiki mbili kengele ya simu italia aizime bila hata kukumbuka.

Jioni, takriban kati ya saa 10 na saa 1, mwili umepata joto na watu wengi huwa na nguvu zaidi. Adui wa saa hizo ni kochi. Ukishakaa, ndio basi. Afadhali upitie mazoezini moja kwa moja kabla ya kufika nyumbani. Baada ya mlo mzito acha saa 2 hadi 3, na mazoezi makali yaishe saa moja au zaidi kabla ya kulala.

Kuchagua saa, usifuate tabia za mtu mwingine. Chukua siku 14 zilizopita, andika nyakati tatu unazozifikiria, kisha kwa kila wakati tia alama kila siku ambayo uliingiliwa na jambo. Wenye alama chache ndio wako, hata kama si saa ya nguvu nyingi. Mwili wenyewe huzoea saa unayoufundisha.

Kwa siku iliyobana, dakika 20 zinatosha. Pasha joto dakika 4. Chuchumaa na kusimama mara 12, kisha pushapu 10, pumzika sekunde 40, mizunguko 4. Halafu vuta bendi ya mpira au begi lenye uzito kuelekea tumboni mara 12, kisha planki (mwili umenyooka kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu) sekunde 30, na mapumziko yale yale, mizunguko 4. Mazoezi yamepangwa mawili mawili kwa sababu misuli ya zoezi moja hupumzika wakati ya jingine inafanya kazi, kwa hiyo hukai bure dakika 2 kila seti. Simu iwe mbali. Hiyo ndiyo inayogeuza sekunde 40 kuwa dakika 4.

Ikija wiki mbaya kabisa, punguza siku na dakika, usipunguze nguvu. Majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1980 yalionyesha kwamba waliozoezwa wakashuka kutoka siku 6 hadi 2, au kutoka dakika 40 hadi 13, walilinda uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa wiki 15 mradi ukali ulibaki ule ule. Waliopunguza ukali, uwezo wao ulishuka. Wengi hufanya kinyume: wanazing'ang'ania siku zote, lakini wanakokota miguu.

Kuhusu mazoea, zile siku 21 zinazotajwa kila mahali hazina msingi. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2009 ulipata wastani wa siku 66, kuanzia 18 hadi 254 kulingana na mtu na tabia yenyewe, na kukosa siku moja hakukuvuruga kitu. Kwa hiyo usilipize kwa kufanya mara mbili kesho yake: maumivu ya misuli hufika kilele kati ya saa 24 na 72, nawe utapoteza siku nyingine mbili. Badala yake, tenga siku moja ya kiporo kila wiki, tuseme Jumamosi asubuhi. Inachukua kipindi kimoja tu kilichokosekana. Vikizidi, vingine visamehe. Na kipindi kile kile kikiangukia kwenye kiporo wiki mbili mfululizo, saa uliyokipangia haifai, kihamishe.