Chota pale pampu inapochota

Wiki iliyopita nilipita kwenye mtambo mmoja wa lami ya barabara upande wa Urambo, nikakuta vijana wawili wamekaa chini ya mwembe wanatafuna karanga. Tanki la lami lina moto, kikorogeo kimya. Nikauliza kimezimwa tangu lini. "Tangu juzi, mzee. Mvua haituruhusu kumwaga lami, kwa hiyo tunaokoa dizeli." Wakanivutia kiti, wakanimiminia karanga kiganjani. Nilishindwa kukaa. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na nilikuwa na umri kama wao.

Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu mliopewa tanki la lami ya polima kwa mara ya kwanza. SBS, ile polima ya mpira tunayochanganya kwenye lami, mmeisoma chuoni, sitarudia. Nitasema yale ninayoona mnayakosea.

1. Asilimia ya polima inatokana na uzito wa lami peke yake, siyo lami pamoja na kokoto. Tani 20 za lami kwa asilimia 5 ni kilo 1,000, yaani mifuko 50 ya kilo 20. Hesabu mifuko mitupu baada ya kumimina, tena kwa mkono wako.

2. Mlinzi wa zamu ya usiku asiambiwe "usiache moto uzimike". Mpe namba. Kwenye nyuzi 180 hivi SBS inavimba na kusambaa vizuri ndani ya lami. Ipandishe kuelekea 200 uiache mpaka asubuhi, umeiunguza, na mifuko yote ile imekwenda bure.

3. Kikorogeo. Hapa nivumilieni.

Msimamizi wangu wa kwanza wa mtambo alikuwa mtu wa Kasulu. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza pampu kwa sikio na kujua kama mrija umeanza kuziba. Siku moja akapata msiba nyumbani, akaondoka siku nne, akaniachia funguo na neno moja: kikorogeo kisisimame. Siku ya pili mvua ikashika, kazi ikalala. Dizeli ilikuwa inakaribia kuisha na boza lilikuwa limekwama njiani. Nikaona moto ni lazima lakini kuzungusha kunaweza kusubiri. Nikazima.

SBS ni nyepesi kuliko lami. Tanki likitulia na joto lipo, ile sehemu iliyoshiba polima inapanda juu polepole, chini inabaki lami karibu ya kawaida. Ukichungulia kwenye mdomo wa tanki huoni chochote, kote ni nyeusi inayong'aa.

Msimamizi aliporudi aliniuliza, kabla hata ya kuweka begi chini, kama kikorogeo kilizunguka. Nikasema kilizunguka. Nilikuwa nimekiwasha asubuhi ile ile, na nilijiambia kwamba inatosha. Nikapanda ngazi, nikachota sampuli kwa kata kupitia mdomo wa juu kwa sababu bomba la chini lilikuwa na lami iliyoganda na kulisafisha ni kazi. Kipimo cha goroli, kinachoonyesha lami inalainika kwenye joto gani, kikatoa nyuzi 74. Namba nzuri mno. Akaiamini, akasaini, pampu ikaanza kuvuta. Pampu inavuta kutoka chini.

Kipande cha kwanza kilichomwagwa kilikuwa pale malori ya shehena za Kigoma na Burundi yanaposimama kusubiri mzani. Mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu lori lililosimama linaikandamiza lami muda mrefu kuliko linalopita, na ndiyo sababu tuliagizwa kuweka polima. Siku iliyofuata ikafika zamu ya ile ya juu, nzito, peva, ile mashine ya kutandaza lami, ikawa inaichana na rola haziishindilii. Tukailaumu kokoto.

Oktoba jua la Tabora likafanya kazi yake. Nililaza rula ya mita 3 juu ya njia ya matairi na vidole vyangu viwili vikapita chini yake. Kopo la akiba lililochotwa kwenye bomba la pampu siku ile likapimwa, likatoa 53. Saini haikuwa yangu. Aliondolewa yeye, na mimi nilikaa kimya siku tisa kabla ya kwenda kwa mhandisi kusema ukweli. Hakurudishwa. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Nilimfuata Kasulu. Mkewe alikuwa ametenga ugali na migebuka. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulichota wapi?" Nikasema juu. Akanyamaza kidogo, kisha akachukua jagi akaninawisha mikono.

Kwa hiyo mkiniona nafoka juu ya bomba la chini, nivumilieni. Lisafisheni kila siku. Chota juu, chota chini, pima zote mbili. Na polima mpya ikifika, kabla hujaikubali, fanya kile kipimo cha mrija: jaza mrija lami iliyochanganywa nayo, isimame siku 3 kwenye nyuzi 180, ukate vipande vitatu, upime kwa goroli cha juu na cha chini. Tofauti ikizidi nyuzi 5, lami hiyo haitakaa tankini bila kujitenga.

4. Acheni kuchovya kijiti na kuvuta uzi halafu mnasema "imeshika". Asali ya Sikonge nayo inavuta uzi mrefu. Swali ni kama uzi unarudi. Vuta sentimita 20 kwenye maji ya nyuzi 25, kata katikati, ngoja nusu saa kamili ndipo usome umerudi kiasi gani.

5. Turubai kwenye kila lori, na rola isiachane na peva. Lami hii inakaza mapema ikipoa, na ukichelewa hakuna uzito wa rola utakaoishindilia.

Wale vijana wa Urambo nilipanda nao ngazi. Juu 71, chini 55. Mdogo wao akashika kichwa, akauliza kama tanki zima limeharibika. Nikamwambia bado, haijaungua, washa kikorogeo na uizungushe kwa pampu, tutapima tena kila baada ya saa mbili. Ndipo nikakaa kwenye kile kiti. Karanga zilikuwa zimebaki chache.