Zimwi "likasema" au Zimwi "akasema"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika hadithi ya watoto ambayo wahusika wake nimewatoa katika ngano na hekaya mbalimbali, nikawapandisha jahazi moja: Sungura, Fisi, Abunuwasi, Fumo Liyongo, Zimwi, halafu Kisu na Kamba wa ile hadithi ya Mwalimu Goso. Niliandika "Zimwi likasema" na "Kisu kikacheka". Rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi akasahihisha kila mahali kuwa "akasema" na "akacheka", kwa hoja kwamba mhusika yeyote ni wa ngeli ya A-WA. Kaka yangu naye anasema kisu hakiwezi kuwa "a" hata kikiimba taarabu. Nimfuate nani? Na nikiwataja wote kwa pamoja, kitenzi kichukue kiambishi gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nimesoma swali lako pamoja na kipande cha hadithi ulichoambatanisha, na nadhani rafiki na kaka wanabishana juu ya kitu ambacho sarufi haikiamui peke yake. Hadithi ya wahusika waliokusanywa kutoka hadithi nyingine ina taabu yake: kila mmoja anapanda jahazini na upatanisho aliouzoea kwao. Sungura amezoea "a", Zimwi limezoea "li", Kisu kimezoea "ki". Kwao hakuna aliyewauliza. Wakishakuwa pamoja, wewe mwandishi ndiwe unayeamua ni nani humo aliyepewa roho, na inafaa uamue kabla hawajang'oa nanga.

Wanyama hawana mjadala mrefu. Kiswahili sanifu huwapa viumbe hai "a" na "wa" bila kujali umbo la jina. Simba na fisi wana umbo la nomino za I-ZI, kifaru na kiboko wana umbo la KI-VI, lakini kifaru anakimbia na vifaru wanakimbia. Huo upatanisho mara nyingi ndio pekee unaotuambia kinachozungumziwa. Kiboko akiota jua ni mnyama wa mtoni. Kiboko kikining'inia ukutani ni cha kuchapia. Paa akianguka, ameteleza. Paa likianguka, toka ndani haraka. Na waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji walitegemea hiyo "li" ituondolee picha ya mtu akimmwagia maji mnyama mwenye mkonga.

Hapo ndipo ninapoona hatari katika jahazi lako, na hakuna kati ya washauri wako aliyeigusa. Umeandika "Kamba akaruka majini". Msomaji wa Tanga au Mombasa akisoma hivyo ataona kamba wa baharini, yule wa kuchemshwa na kuliwa, na atakuwa na haki. Herufi kubwa haimsaidii, hasa anayesomewa kwa sauti. Mtambulishe kama kitu kwanza, "ile kamba iliyomfunga paka", halafu atakapofungua kinywa ndipo awe Kamba mwenye "a".

Sasa tuje kwenye vitu vinavyosema. Hadithi ya Mwalimu Goso imo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870. Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu. Paa aliyepanda kuiba matunda anaangusha buyu, linamwangukia mwalimu, anakufa. Wanafunzi wanaanza kumsaka muuaji, na wa kwanza kukamatwa ni kusi, upepo. Kusi anajitetea: ningekuwa na nguvu hivyo, ningezuiwa na kiambaza, ukuta wa udongo? Kiambaza nacho kinataja panya anayekitoboa, panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba, kamba inakitaja kisu, na hivyo hivyo kupitia moto, maji, ng'ombe na inzi mpaka kwa paa mwenyewe, ambaye hana la kujibu.

Angalia nilivyosimulia. Kusi nimempa "a" bila kufikiri, kiambaza nikakiachia "ki", kamba nikaiachia "i". Msimulizi mwingine angegawa vingine, na hakuna msikilizaji ambaye angekatiza hadithi. Kila kitu hapo kinasema mara moja tu, kinampokeza mwenzake lawama, kinatoka. Kwa mhusika wa kupita namna hiyo, kukiacha katika ngeli yake hakuna ubaya, na mara nyingi ndiko kunakochekesha, maana msikilizaji anaendelea kukiona kisu chenye mpini kikijitetea mbele ya watoto wenye hasira.

Kisu chako si wa kupita. Anaogopa mawimbi, ana rafiki, anamwonea Fisi wivu. Kumwandikia "kikaona wivu" kurasa ishirini kutamchosha msomaji, tena kutamweka Kisu mbali na wenzake kila anapotajwa. Kwa hiyo kwa Kisu niko upande wa rafiki yako, ingawa sababu aliyoitoa siikubali. Kusema, kucheka au hata kuzaa hakumpi mtu "a".

Ushahidi uko kwa Abunuwasi wako mwenyewe. Unaikumbuka hekaya ya sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kasufuria ndani yake, anasema imezaa. Jirani anachukua vyote viwili kwa furaha. Siku nyingine anaazima tena, harudishi, na anapodaiwa anatoa habari za msiba: sufuria imekufa. (Kwingineko kisa hikihiki husimuliwa kwa jina la Juha au Nasreddin. Hata Abunuwasi mwenyewe jina lake ni la mshairi halisi wa Baghdad, aliyefariki karibu na mwaka 814, akabebeshwa visa vya watu wengine. Mchezo wa kukusanya wahusika ulianza kabla yako.) Sufuria hiyo imezaa na imekufa, mambo mawili ya viumbe hai kuliko yote, na bado ni "i". Andika "sufuria amezaa" uone hekaya inavyoharibika. Uzuri wake wote ni kwamba jirani anajua fika kuwa ile ni sufuria, anajua hazizai, na anakubali kwa tamaa. Ukiipa "a" umempa kisingizio, kwa sababu sasa iko katika ulimwengu ambao sufuria ni viumbe.

Ndiyo maana namwambia kaka yako kwamba kisu kinaweza kuwa "a", na rafiki yako kwamba si kila kinachosema lazima kiwe "a". Kinachoamua ni msimulizi amesimama wapi: anakitazama kama mtu katika hadithi, au kama kitu kinachofanya ajabu?

Zimwi ni tajiri zaidi, na hapa ndipo ningemnyang'anya rafiki yako kalamu nyekundu. Methali inasema "zimwi likujualo halikuli likakwisha". Hiyo "li" haikuwekwa kwa bahati mbaya. Zimwi, jitu, joka, dubwana: "li" ya majina haya hubeba ukubwa, kitisho, wakati mwingine dharau, na msikilizaji huisikia. Ndiyo hiyo inayofanya kazi pia katika "jogoo la shamba haliwiki mjini". Wapo wanaosema "jogoo wa shamba hawiki mjini", nao hawajakosea, lakini jogoo wao amepungua kidogo, amekuwa kuku wa kawaida aliyepotea njia. Kwa hiyo "Zimwi likasema" ni sahihi na linatisha. "Zimwi akasema" ni sahihi pia, ila tumeshamzoea.

Usidhani lakini kwamba ukubwa pekee huleta "li". Fumo Liyongo anasimuliwa kuwa na kimo na nguvu za jitu, hata ikabidi siri ya kumuua ipatikane kwa mwanawe mwenyewe, aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Hata hivyo ukiandika "Liyongo likainuka" utakuwa umemtukana. Jina la mtu lina heshima yake. Na yule nunda wa hadithi ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyo uleule wa Steere, anaitwa nunda "mla" watu, kwa "m" ya watu na wanyama, ingawa anaua kushinda mazimwi mengi. Alianza kama paka wa nyumbani, akala kuku wakamwacha, akaendelea. Labda ndiyo sababu nasikia "a" yake inatisha kwa namna nyingine: tulikuwa tunamfahamu.

Unaweza kuutumia ubadilishaji huo ndani ya hadithi. Zimwi lipande jahazi likiwa "li", kila mtu amejikunyata, na siku Sungura atakapolimiminia kahawa ya kwanza, ligeuke "a" na libaki hivyo. Mtoto hatajua jina la ulichokifanya ila atakisikia. Sharti ni kwamba ugeuke mara moja tu na mahali panapoeleweka. Katika kipande ulichonitumia Zimwi ni "li" ukurasa wa kwanza, "a" wa pili, "li" tena wa tatu, na hapo msomaji atadhani ni makosa ya uchapaji. Kwa wingi, chagua njia moja uimalize: "mazimwi makubwa yakaja" au "mazimwi wakubwa wakaja". Kuchanganya, "mazimwi makubwa wakaja", ni kukaa katikati ya barabara.

Swali lako la mwisho ni jepesi zaidi kuliko unavyodhani. Wote uliowapa roho wachukue "wa" bila kuangalia ngeli za majina yao: "Sungura, Liyongo na Kisu wakashuka." Vitu vitupu vya ngeli tofauti hukubali "vi": "Kahawa, buli na mkeka vilisombwa na wimbi." Tatizo ni pale mwenye roho na asiye na roho wanapogombania kitenzi kimoja. Usitafute kiambishi cha kuwapatanisha, badili sentensi: "Abunuwasi alishuka na sufuria yake." Ukiandika "Abunuwasi na sufuria yake walishuka", umeifanya sufuria abiria. Kama hilo ndilo ulilolitaka, ni zuri sana, liache.

Umetumia "akina" mara nyingi, na kwa hadithi ya aina hii ni neno lenye faida: "akina Abunuwasi walikaa tezi, akina Fisi walikaa omo", yaani hao nyuma ya jahazi na hawa mbele. Kumbuka tu kwamba "akina Fisi" ni Fisi na wenzake, si mafisi kadhaa. Pale Sungura wa hadithi ya kisima anapokutana na Sungura wa hadithi nyingine, hao ni "Sungura wawili". "Akina Sungura wawili" haisimami, na "maSungura" uwaachie wanaopiga soga. Rafiki wa Kisu naye ni "rafiki yake", si "rafiki wake", hata kama paka ni "paka wake".

Hili hukuliuliza, lakini limenifurahisha nilipokuwa nasoma. Liyongo wako anazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Yeye ni mtu wa kaskazini mwa pwani ya Waswahili, wa Pate na Ozi. Mpe maneno mawili matatu ya huko, aseme "ndia" badala ya njia, "ndaa" badala ya njaa, "mato" badala ya macho, na umwache Sungura ajifanye haelewi kila anapoombwa chakula.

Sentensi yako ya kwanza, "Sungura, Kisu na Zimwi vilipanda jahazi", ningeiandika hivi: "Sungura na Kisu walikuwa wameshakaa tezi Zimwi lilipopanda jahazi, ubao ukalia chini ya nyayo zake." Wawili wenye roho wana "wa" yao, Zimwi lina kitenzi chake peke yake, na hakuna aliyelazimika kugawana kiambishi. Ukiamua Zimwi libaki "li" mpaka safari iishe, basi kumbuka ukurasa wa pili, mstari wa "Zimwi akaogopa kelele za Fisi", nao uurekebishe.